Delta ya Rufiji kwa boti ya Nyamisati: niliyolipia na niliyoyaona

Mimi ni mwalimu wa jiografia. Kwa miaka 17 nilichora delta ubaoni bila kuwahi kuikanyaga. Mto unashuka, unachanua vidole, mbele bahari, pembeni vitone vya kuonyesha matope. Wanafunzi wananakili, tunafunga daftari, tunahamia mada nyingine. Sasa nimeshaingia Rufiji mara mbili, kila mara na watu tofauti, na walimu wenzangu wananiuliza kila siku kama inafaa kupeleka wanafunzi. Jibu la mkato haliwatoshi, ndiyo maana naandika.

Inafaa sana. Ila usiende na mtu anayetazama saa. Nenda na anayetazama mwezi.

Safari ya kwanza ilikuwa Juni, wakati wa likizo, kusi likivuma. Tulijiandikisha kwa kampuni moja ya Dar es Salaam ambayo sitaitaja jina. Tulikuwa watu 9 na majaketi okozi 6. Nilipouliza, kijana wa boti akajibu kwamba maji ya huko si marefu. Ratiba yao ilisema tuondoke bandari ya Nyamisati saa 3 asubuhi baada ya chai, na kweli tuliondoka saa 3 kamili. Ilikuwa siku ya pili tangu mwezi kuandama, bamvua (yale maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu) limekolea, na mtoto yeyote aliyekulia pwani angewaambia kwamba saa ile maji yanakimbia kutoka. Tulikwenda nayo dakika 40 hivi, raha mustarehe, mpaka boti ilipojikwaruza chini, ikajivuta kidogo, ikasimama. Watu wa delta wana neno moja kwa hali ile: tulipwelewa. Maji yalituacha pale pale juu ya fungu la mchanga, yakaendelea na safari yao. Mpaka saa 7 na robo mchana tulikuwa tumekaa chini ya jua, hakuna turubai, na mwongozaji wetu hana la kutuambia ila kwamba maji yatarudi. Niliuliza miti ile iliyotuzunguka pande zote ni miti gani. Akasema mikoko. Mikoko ipi? Mikoko tu, mama.

Kilichoniuma zaidi ni meli. Tangazo lao lilisema tutaona mabaki ya Königsberg, ile manowari ya Wajerumani iliyoizamisha Pegasus ya Waingereza pale Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, ikaja kujificha humu ndani ya matawi ya Rufiji hadi ilipopigwa na kuangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Alasiri, boti ilipoelea tena, walitupeleka kwenye kona moja ya mto, wakazima mashine, wakanyoosha kidole majini. Iko hapo chini, wakasema. Tukatazama maji ya rangi ya chai ya maziwa. Basi. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya chuma ilishakatwa ikauzwa kama chakavu miaka ya 1960, na kilichobaki kimemezwa na tope. Meli ya mita 115! Mwongozaji anayejua kazi yake angeanzia hapo hapo somo zima la delta, kwamba huu ni mto unaoweza kufukia manowari. Huyu aliwasha mashine tukarudi. Mizinga ya meli ile iliokolewa mapema na kutumiwa vitani nchi kavu, na mmoja upo Fort Jesus, Mombasa. Kama unatafuta chuma cha kushika kwa mkono, nenda kule, usilipie boti ya Rufiji.

Sasa ile ya pili.

Desemba iliyopita tulirudi sita: mimi, mwalimu mwenzangu wa baiolojia, na ndugu zangu wanne. Safari hii nilipewa namba ya nahodha mmoja wa pale pale Nyamisati, mzee wa kikundi cha wenye boti. Hawana kibao wala ofisi. Ukifika bandarini, pale wanapopandia abiria wa Mafia, ulizia boti za kupeleka watu mikokoni. Nilimpigia simu, nikamwamkia, nikamwambia nataka kujua tutaondoka saa ngapi. Hakunijibu saa. Aliniuliza, "Mwalimu, unataka kuona maji au unataka kuona tope?"

Sikuwahi kuulizwa hivyo na mtu yeyote. Nikasema vyote. Akacheka, akasema basi tusubiri mwezi upevuke, tuje siku moja baadaye, tulale Nyamisati, tutoke kabla jua halijachomoza. Maji yakiwa yamejaa yaanze kutoka nasi, yatushushe mpaka mdomoni. Mchana yakiwa yamekupwa tuone chini ya bahari palivyo. Alasiri yakianza kujaa yatupandishe ndani, kwenye maji baridi. "Mashine ni ya kusaidia tu," alisema. Na ndivyo ilivyokuwa, karibu dakika kwa dakika. Saa 11 na nusu alfajiri tulikuwa majini.

Boti ni ya mbao, pana, ina turubai lililofungwa kwenye fremu ya chuma. Majaketi okozi yalikuwa 8 kwa watu 8, tukihesabu na nahodha na kijana wake wa tanga, na aligoma kung'oa nanga mpaka kila mmoja awe amevaa. Jaketi langu lilikuwa na mkanda mmoja uliokatika na kufungwa kwa kamba ya katani. Hilo nimemwambia, naye amekubali kulibadilisha kabla sijaleta wanafunzi.

Asiyewahi kwenda aelewe ukubwa wake kwanza. Rufiji inakusanya maji ya karibu moja ya tano ya Tanzania Bara: Kilombero na Luwegu zinaungana kuuzaa mto wenyewe, kisha Ruaha Mkuu inaingia. Tope la mashamba ya Mbeya, Iringa, Njombe na Morogoro linapita humu. Likifika pwani, mto unapasuka matawi yanayotokea baharini kwa milango mingi, Simba Uranga, Kikunya, Msala na mingineyo, kwenye ukanda wa pwani wa zaidi ya kilomita 60, kisiwa cha Mafia kikiwa mbele. Mikoko iliyopo hapa, takriban hekta 50,000, ni karibu nusu ya mikoko yote ya Tanzania Bara. Wajerumani waliutangaza msitu huu kuwa hifadhi mwaka 1898, na mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Haya yote nilikuwa nayajua kwa kusoma. Ila ukiwa katikati ya tawi moja, ukuta wa kijani kushoto na kulia, ndipo unapoelewa kwa nini manowari nzima iliweza kufichwa humu miezi kadhaa.

Mapambazuko tulikuwa tunateremka na maji. Nahodha alikuwa anasoma uso wa mto kama mimi ninavyosoma daftari la mwanafunzi. Palipo na mikunjo midogo, alisema, chini kuna fungu. Palipotulia kama mafuta ndipo kina kilipo. Kwenye kila kona alishika upande wa nje, kwa sababu maji yanapopinda hukimbia kwa nje na kuchimba, na upande wa ndani yanachoka na kutua mchanga. Hilo nimelifundisha mara zisizohesabika. Sikuwahi kuona mtu anaendeshea boti kwalo.

Saa 4 na nusu tulikuwa mdomoni na maji yamekupwa vya kutosha. Kwenye bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa pwani hii hufikia takriban mita 4, yaani kimo cha nyumba ya chini. Alfajiri tulipita juu ya maji tu, na sasa mbele yetu palikuwa na uwanja wa tope unaong'aa, mkubwa kuliko viwanja vyote vya mpira nilivyowahi kuviona vikiunganishwa, umekatwakatwa na vijito vyembamba kama mishipa ya jani. Nahodha alituambia tuvue viatu, tukanyage mahali alipokanyaga yeye, mguu bapa, bila kusimama. Mwalimu mwenzangu alisimama kupiga picha, akazama hadi magotini, na tulimvuta wawili.

Lile tope lina ngozi nyembamba ya rangi ya kahawia juu, na ukikwangua kidole kimoja tu chini yake ni jeusi tii na linanuka yai viza. Hewa haifiki huko. Majani yanayoanguka hayaozi vizuri, yanarundikana, na ndiyo maana tope la mikoko hubeba kaboni nyingi mno kuliko udongo wa kawaida wa msituni. Lakini juu ya ile ngozi ya kahawia kulikuwa na uhai wa kila namna. Kaa wadogo wenye gando moja kubwa kuliko mwili, kila dume kwenye mlango wa shimo lake akilipunga. Samaki wa urefu wa kidole, macho juu ya kichwa kama ya chura, wanaruka kwenye tope badala ya kuogelea. Tondo, wale konokono wa mikokoni, wamejipanga wanakula majani. Na ndege: yangeyange, kulasitara, na makundi ya sululu wenye mdomo mrefu uliopinda chini kama mundu, wanauzamisha mzima kwenye mashimo ya kaa. Wengi wa wale wa matopeni mwezi Desemba ni wageni waliotoka kaskazini ya mbali kukimbia baridi, na wanatufikia kwa sababu ya uwanja huu unaofunguka mara mbili kwa siku. Tulikaa pale saa nzima na hakuna aliyeniuliza tunaondoka lini.

Kisha nikapewa somo la miti, na hapa ndipo nahodha alipojilipia nauli yote. Aliyekwama na kampuni ya kwanza atanielewa. Mti wa mbele kabisa, unaopokea mawimbi, ni mlilana, ambao wengine huuita mpia. Mizizi yake ya kupumulia imechomoza topeni kama vigingi vya hema, minene na iliyochongoka, na mbao zake zilizojikunja kwa asili ndizo mafundi wanazopenda kutengenezea mataruma, yaani mbavu, ya vyombo. Nyuma yake unaingia mkoko wenyewe, ule wa miguu ya magongo, ambao ndio uliotoa boriti zilizosafirishwa na majahazi hadi Arabuni kwa karne nyingi. Mbegu yake huota ingali juu ya mti. Alinichumia moja: fimbo ya kijani yenye urefu wa kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko changu, nzito upande wa chini. Ikianguka maji yakiwa yamekupwa huchomeka topeni, na ikianguka yamejaa huelea hadi ipate pa kushika. Msinzi nao mizizi yake hupiga magoti. Mkandaa ni mfupi, magome yake yana rangi nyekundu waliyokuwa wakitia nyavu na matanga. Mkomafi unaujua kwa tunda lake la kahawia kama mpira na mizizi bapa inayojipinda kama utepe. Mchu unaota mbele na unaota nyuma, hauchagui, na nahodha aliniambia nilambe jani lake kwa chini. Nililamba. Ni chumvi tupu, mti unaitema kwa majani.

Sikujua kwamba tuna majina haya yote. Darasani natumia majina ya vitabu, wanafunzi wanayakariri kwa shida, na huku mzee ambaye hakumaliza shule ya msingi anayo ya kwetu, kila moja limebeba kazi ya mti na mahali pake.

Tuliposhuka tena nyuma ya mikandaa nilidhani tumetoka msituni. Palikuwa wazi, peupe, pagumu chini ya mguu, hapana hata jani. Wenyewe hupaita jangwa. Nilishangaa jangwa katikati ya delta, hadi alipochimba kwa kisigino na kunionyesha ukoko wa chumvi. Maji ya siku za kawaida hayafiki pale. Yanafika wakati wa bamvua tu, yanasimama, jua linayakausha, chumvi inabaki, na bamvua linalofuata inaongezeka juu ya ile ya mwanzo. Pembezoni kulikuwa na michu mifupi inayonifika kiunoni, ambayo nahodha alisema ameikuta hivyo hivyo tangu utoto wake. Fungu, hori (kijito cha maji ya bahari), jangwa, mlango: maneno manne, na kila moja ni sura ya nchi niliyokuwa nikiifundisha kwa mistari mitatu ya chaki.

Saa 6 kasoro maji yaligeuka. Chakula cha mchana kilikuwa samaki wa kuchoma na wali, kilichopikwa kijijini na mke wa kijana wa boti, kizuri na cha moto. Halafu tukapanda na maji kuelekea ndani.

Nilikuwa nimekuja na chupa. Ni chupa ya soda ya plastiki, nimeifunga jiwe chini, na mdomoni nimeiziba kwa gunzi lenye uzi. Nilitaka kupima jambo moja ambalo vitabu husema: kwamba maji ya bahari, kwa kuwa ni mazito, huingia mtoni kwa chini kama kabari, na ya mto hupita juu yake. Nahodha alipoiona akatabasamu. Wavuvi wanalijua, akasema, maji ya juu yatoka bara, ya chini yatoka bahari, na kuna samaki wa huku na samaki wa kule ndani ya nyavu moja. Alisimamisha boti kwenye kina, akachomeka pondo, ule mti mrefu wa kusukumia boti, kutuzuia tusisukumwe. Nikateka maji ya juu kwa kikombe, nikaonja: chumvi ya mbali sana, kama mchuzi uliosahaulika. Nikashusha chupa pima moja na nusu hivi, karibu mita tatu, nikavuta uzi, gunzi likatoka, mapovu yakapanda. Nilipoivuta juu na kuonja ilikuwa bahari kabisa, inakaza ulimi. Tukapitisha chupa kwa kila mtu. Nahodha alisema tukija mwezi wa nne mto ukiwa umefura, tofauti ni kubwa zaidi.

Tulipofika juu zaidi, ambako maji hayana chumvi na yana rangi ya udongo, nilijaza chupa mbili za kioo. Moja nikaiacha hivyo. Nyingine nikatia kijiko cha chumvi, nikaitikisa, nikaziweka zote mbili kwenye ubao wa boti. Ile yenye chumvi ilianza kufanya vipande vidogo vidogo kama maziwa yanayokatika, na vikaanza kushuka. Baada ya nusu saa hivi ilikuwa inaelekea kuwa safi juu na utando wa tope chini, huku mwenzake bado ni uji. Chembe za mfinyanzi kwenye maji baridi zinasukumana zenyewe kwa zenyewe, haziwezi kutua kwa urahisi. Zikikutana na chumvi zinashikana, zinakuwa nzito, zinazama. Ndiyo kusema delta inajengwa pale maji mawili yanapokutana, hata kabla mto haujapunguza mwendo. Nimekaa na somo hili miaka yote hiyo na nimelielewa kwa chupa mbili za juisi.

Huko juu mikoko ilianza kubadilika. Msikundazi ndio uliotawala, mti mkubwa wenye majani ambayo chini yake yana rangi ya fedha, upepo ukipiga msitu mzima unameta. Viboko wawili walitutazama kwa puani na machoni tu, na nahodha akazunguka mbali nao bila kuambiwa. Mamba tuliona mmoja, akateleza kabla hatujamkaribia. Mashimo ya ukingoni aliyapita kwa heshima, na hakuna aliyeruhusiwa kuning'iniza mkono nje ya boti.

Kisha ukuta wa miti ukakatika ghafla, tukaona mashamba ya mpunga, na kati ya mpunga visiki vya mikoko vilivyokauka. Hapa nahodha hakuzungumza haraka. Tangu miaka ya 1970 maji mengi ya mto yalihamia matawi ya kaskazini, yakasukuma chumvi nje, na watu wakaona wanaweza kulima. Wanafyeka, wanalima misimu kadhaa, kisha magugu na kaa na chumvi vinawazidi, wanasogea mbele kufyeka pengine. Ni msitu wa hifadhi, na kuna mgogoro wa muda mrefu juu yake. Nilimuuliza anaonaje. Alisema, "Mwalimu, mimi nimekula mpunga wa hapa. Na kamba ninaowauza wamekulia kwenye mizizi ile iliyokatwa." Sikumuuliza zaidi. Nadhani mwongozaji anayekuonyesha na kidonda, bila kukificha wala kukipigia kelele, ndiye wa kumwamini kwa mengine.

Tuliongea pia kuhusu bwawa la Julius Nyerere, ambalo lilianza kujazwa maji Desemba 2022. Bwawa lina mitambo ya megawati 2,115 na taifa linaihitaji. Lakini tope linalotua nyuma ya ukuta ule halifiki huku, na delta inakula tope, bahari haisubiri. Sitasahau kulitia kwenye somo.

Kasoro zipo, nizitaje. Choo hakuna. Kwa wanaume hilo si jambo, kwa sisi wanawake wanne wa safari ile lilikuwa jambo kubwa, na tulitegemea kusimama kijijini mara mbili. Kwa safari ya wanafunzi wa kike lazima vituo vipangwe mapema na wenyeji waombwe. Kisanduku cha huduma ya kwanza kilikuwa na plasta na kopo la dawa ya kidonda tu. Mtandao wa simu unapotea kabisa ndani ya matawi. Mbu wa jioni wanauma kupitia nguo. Malazi ya Nyamisati ni ya kawaida, chandarua chetu kilikuwa na tundu la kupitisha ngumi, ingawa hilo halikuwa la watu wa boti. Na kuhusu kibali cha kuingia msitu wa hifadhi, nahodha alitushughulikia, lakini ningependa kupewa karatasi mkononi na mapema, si kuambiwa njiani kwamba yameshakwisha.

Bei: boti nzima kwa siku ilikuwa shilingi 280,000, pamoja na mafuta, na chakula shilingi 8,000 kwa kila mtu. Kampuni ya kwanza ilitutoza 95,000 kila mmoja kwa kukalishwa juu ya fungu. Piga hesabu mwenyewe. Nauli ya basi kutoka Dar es Salaam kwa njia ya Kilwa, na kukunja Bungu kwenda Nyamisati, ni juu yako.

Nyota nawapa 4 kati ya 5, na ile moja nitaitoa nikikuta jaketi lenye mkanda mzima na kisanduku kilichojaa.

Jua lilizama tukiwa bado dakika chache kufika. Furukombe mmoja aliita juu ya mlilana, maji yamejaa tena hadi kwenye matawi ya chini, na uwanja wote wa tope tuliotembea mchana haupo, umefunikwa kana kwamba haujawahi kuwepo. Wakati wa kushuka nilimwambia nahodha kwamba nina wanafunzi 46 wa kidato cha tano. Akahesabu kwa vidole: boti tatu, abiria 8 kila moja bila kuhesabu mabaharia, hazidishi hata mmoja. Hawatoshi kwa mara moja, akasema, na siku za maji mafu, bahari inapojaa na kupwa kidogo tu, hazifai kwa sababu tope halifunguki vizuri. Kwa hiyo tumekubaliana hivi: nusu ya darasa itakwenda mwezi ukiandama, na nusu ya pili baada ya wiki mbili, ukipevuka. Nimeshapeleka tarehe zote mbili kwa mkuu wa shule, na magunzi nimeanza kuyakusanya.